Yatokanayo

Baba yangu alikuwa katibu wa kamati ya shule ya msingi kwa miaka kumi na mmoja. Mihtasari yote aliiandika katika kaunta buku ya kwaya nne yenye jalada gumu, na akaihifadhi juu ya kabati ndani ya mfuko wa nailoni, mbali na panya na mbali na mikono yetu watoto. Nilipofika darasa la sita alianza kunipa niisome kwa sauti usiku wa kuamkia kikao, huku yeye akipiga pasi shati lake. Ndipo nilipolijua neno ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa mojawapo ya maneno mazuri kabisa ya Kiswahili cha vikaoni: yatokanayo.

Kila aliyewahi kuketi katika kikao cha kijiji, cha vikoba, cha msikiti au cha parokia analifahamu. Mwenyekiti hufungua kikao, ajenda huthibitishwa, muhtasari wa kikao kilichopita husomwa na kusahihishwa. Kisha, kabla jambo lolote jipya halijaguswa, wajumbe hurudi kwenye yale waliyoahidiana mara ya mwisho. Nani alipewa kazi gani? Imefikia wapi? Pembeni ya kila jambo baba aliandika kwa wino mwekundu neno moja kati ya mawili: limetekelezwa, au bado. Nakumbuka mstari ulioandikwa "matundu manne ya vyoo vya wasichana", na mbele yake, bado. Nikafunua kikao kilichofuata: bado. Kilichofuata tena: bado. Jambo lile lilisomwa mbele ya wajumbe wale wale vikao saba mfululizo, na hakuna aliyepata nafasi ya kulisahau, kwa kuwa katibu hakuchoka kuliandika. Kikao cha nane likaandikwa limetekelezwa.

Kaunta buku ile imenirudia akilini mara nyingi kwa sababu ya meza moja kubwa ambayo nimekuwa nikiifuatilia kwa muda sasa. Ni meza inayoongoza mfuko wa Umoja wa Mataifa wa elimu katika dharura na mizozo ya muda mrefu, uitwao Education Cannot Wait. Jina hilo ni tamko kamili: elimu haiwezi kusubiri. Wengi wanaouzungumzia mfuko huu huzungumzia fedha zake. Mimi nimevutiwa na jinsi ulivyoundwa. Fundi seremala akiingia nyumbani kwa mwenzake hukipindua kiti aone viungo vilivyoko chini, pale ambapo mkaaji haangalii. Nami nakusudia kukipindua kiti hiki, kwa sababu naamini kuongoza fedha za watoto waliokimbia makwao ni ufundi, na ufundi mzuri unastahili kutazamwa bila haraka.

Kwa miaka mingi, vita au mafuriko yalipotokea, misaada ilifuata mpangilio uliozoeleka: maji, chakula, dawa, maturubai. Shule iliambiwa isubiri amani irudi. Lakini amani haina tarehe. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, Kakuma mwaka 1992, na Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianza kupokea wakimbizi kutoka Kongo mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ule leo anaweza kuwa na watoto wanaosoma. Kama shule ingesubiri hadi arudi kwao, angekuwa amesubiri utoto wake wote na sehemu nzuri ya utoto wa wanawe.

Wapo walioliona hilo mapema, na mengine waliyaona hapa kwetu Tanzania. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Ngara, watoto walianza kufundishwa kwa vifurushi vya dharura vya mwalimu, mbinu ambayo UNESCO na UNICEF walikuwa wameipata katika kazi yao Somalia. Mrithi wa vifurushi vile ni lile sanduku la alumini la UNICEF linalojulikana kama shule ndani ya sanduku. Ukilifungua unakuta madaftari, penseli, mikasi, vipande vya kuhesabia, na saa ya mbao ya kufundishia majira. Ndani mna pia rangi maalumu: mwalimu anapaka kifuniko, kinakauka, kinakuwa ubao. Sanduku moja linatosha mwalimu mmoja na watoto 40. Aliyebuni kifuniko kile alifikiri vizuri sana, maana alijua kuwa pale sanduku litakapofunguliwa hakutakuwa na ukuta wa kuning'inizia ubao.

Mwaka 1996 Graça Machel, aliyewahi kuwa waziri wa elimu wa Msumbiji baada ya uhuru wa mwaka 1975, aliuwasilishia Umoja wa Mataifa ripoti yake kuhusu watoto na vita. Ndani yake alisisitiza kwamba elimu iwe sehemu ya msaada wa dharura tangu mwanzo. Miaka minne baadaye, baada ya mkutano wa elimu wa Dakar, ukaundwa mtandao wa kimataifa wa elimu katika dharura, INEE, na mwaka 2004 mtandao huo ukatoa viwango vya chini vya elimu katika dharura. Kwa hiyo maarifa yalikuwepo, na walimu walikuwepo. Hata hivyo elimu iliendelea kupata chini ya asilimia 2 ya fedha zote za misaada ya kibinadamu. Walioijua kazi walikuwa wengi, ila haikuwepo meza ambayo jambo hili ndilo ajenda yake ya kwanza, wala katibu wa kuandika bado na kulisoma tena kikao kijacho.

Meza hiyo iliwekwa Istanbul, tarehe 23 na 24 Mei 2016, katika Mkutano wa Dunia wa Masuala ya Kibinadamu. Watafiti walikuwa wamekwisha kupiga hesabu. Watoto na vijana milioni 75, wenye umri wa miaka 3 hadi 18, katika nchi 35 zilizokumbwa na migogoro, walihitaji msaada ili wasome. Pengo la fedha lilikadiriwa kuwa dola bilioni 8.5 kwa mwaka. Bilioni ni neno linalochosha masikio, lakini hesabu ile ilikuwa na upande wa pili wenye ukubwa wa kibinadamu: dola 113 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Huo kwangu ndio mwanzo wa ufundi wenyewe. Kiongozi anayejua kazi yake huichukua namba kubwa akaigawanya mpaka ifike kimo cha mtoto aliyesimama mbele yako.

Kisha likaja swali la nyumba. Mfuko mpya ungeweza kujengewa shirika jipya lenye jengo, wanasheria, wahasibu na magari. Miaka ingepita bila daftari hata moja kumfikia mwanafunzi. Waanzilishi wakaamua mfuko uwe mpangaji. UNICEF ikaupokea chini ya paa lake, ukatumia taratibu zake za fedha na ajira, sekretarieti yake ikakaa New York na Geneva. Kwa uamuzi huo walinunua muda, bidhaa adimu kuliko zote wakati wa dharura.

Hapo palikuwa na kiungo kigumu, kwa sababu UNICEF ni miongoni mwa mashirika yanayopokea ruzuku za mfuko huo huo. Mwenye nyumba anapokuwa pia mmoja wa wageni wa karamu, lazima ijulikane wazi ni nani anayepakua. Waliounda utaratibu huu hawakulifunika jambo hilo kwa maneno matamu. Walitenganisha kazi: wanaozitunza fedha za mfuko ndani ya UNICEF wako mbali na wanaoziomba kwa ajili ya miradi, na uamuzi wa nani apewe nini uko mikononi mwa vyombo vya mfuko wenyewe. Utengano wa namna hiyo hauonekani kwenye picha za mikutano, na mtoto wa Kivu hatausikia kamwe. Lakini ondoa kiungo hicho, na kila mfadhili ataanza kuuliza fedha zake zimeingia chungu gani. Uaminifu katika fedha za umma huanza na mpangilio ambao hata mtu wa kawaida, siku yake mbaya, hawezi kuutumia vibaya kirahisi.

Vyombo vyenyewe ni vitatu. Juu kabisa kuna kundi la uongozi la ngazi ya juu, ambalo mwenyekiti wake tangu mwanzo alikuwa Gordon Brown, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza na mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa elimu duniani tangu 2012. Chini yake kuna kamati tendaji. Kisha ipo sekretarieti, ambayo mwaka 2017 ilikabidhiwa kwa Yasmine Sherif, mwanasheria aliyebobea katika sheria za kimataifa za kibinadamu na haki za binadamu.

Katika kundi la juu wanaketi mawaziri wa nchi zinazotoa fedha, mawaziri wa nchi zenye watoto walio katika dharura, wakuu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, asasi za kiraia, na taasisi binafsi. Baadaye asasi zinazoongozwa na vijana nazo zilipata kiti. Nimewahi kuandika mihtasari katika vikao vidogo vya aina hii, vya wafadhili na wapokeaji wakiwa mezani pamoja, na najua uzito uliopo chumbani. Mwenye fedha hahitaji kupaza sauti, maana ukimya wake tu unasikika. Mwenye watoto anajizuia kusema mambo yalivyo, asije akaonekana hana shukrani. Mwenyekiti fundi huijua mizani hiyo. Humpa nafasi ya kwanza yule ambaye asipopewa hataiomba. Humwachia waziri wa nchi iliyoungua aeleze hali kabla hesabu hazijaanza, ili hesabu zikifika zikute watu wenye sura na majina ya mahali. Nimemwona mwanamke mmoja, mwenyekiti wa kikao cha wilaya, akifanya hivyo kwa kugeuza tu kiti chake kidogo kuelekea upande wa walimu. Hakutamka lolote, na kikao kizima kikageuka naye.

Mgawanyo wa madaraka kati ya vyombo hivyo vitatu nao una hekima yake. Baraza la wazee haliitwi kila mbuzi anapopotea. Kundi la juu linaamua mwelekeo: mfuko uende wapi, utafute fedha kwa nani, usimamie misingi gani. Kamati tendaji hukutana mara nyingi zaidi, ikachambua na kuidhinisha mipango mikubwa ya nchi. Mambo ya haraka yamekasimiwa kwa mkurugenzi, ndani ya mipaka aliyowekewa. Kukasimu madaraka ni jambo rahisi kulitaja na gumu kulitenda. Kiongozi dhaifu hushikilia kila sahihi, akidhani ndiyo heshima yake, na faili zikalala mezani kwake huku mvua ikiwanyea watoto. Kiongozi imara huuliza mapema, kabla ya shida kutokea, ni uamuzi upi anaweza kuuachilia, kisha akauachilia kwa maandishi.

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazopingana. Moja yasema ngojangoja huumiza matumbo. Nyingine yasema haraka haraka haina baraka. Tukiwa watoto tulidhani mmojawapo wa waliozitunga alikosea. Ukubwani mtu anagundua kwamba zote mbili ni za kweli, na kwamba busara ni kujua leo ni siku ya methali ipi. Sijaona chombo cha fedha kilichojengwa juu ya elimu hiyo kama huu mfuko. Una madirisha mawili makuu, na kila dirisha limeandikwa methali yake.

Dirisha la kwanza ni la mwitikio wa mwanzo wa dharura. Ruzuku zake ni za muda mfupi, kwa kawaida zisizozidi miezi kumi na miwili, nazo zinakusudiwa kutoka mara janga linapozuka au linapozidi. Zinalipia mahema ya kusomea, maji, vyoo, madaftari, posho za walimu, na watu wa kukaa na mtoto aliyeona yasiyostahili kuonwa na mtoto. Kinachonivutia zaidi hapa ni namna maombi yanavyotayarishwa. Mashirika hayaachwi yakimbizane, kila moja na andiko lake. Wanaoratibu elimu katika nchi husika, iwe ni jopo la elimu katika dharura au kikundi cha elimu ya wakimbizi, hukaa pamoja na kukubaliana nani yuko wapi, nani ana walimu, nani ana lori. Fedha zinafuata makubaliano hayo. Anayejua kambi anajua thamani yake, kwa sababu bila utaratibu huo utakuta mahema matano ya mashirika matano kando ya barabara kuu, na upande wa pili wa kilima hakuna hata moja.

Dirisha la pili ni la mipango ya miaka mingi, na huku ndiko methali ya pili inakotawala. Mipango hii kwa kawaida huchukua takriban miaka mitatu, huandaliwa nchini pamoja na wizara ya elimu, hupitiwa na jopo la wataalamu huru, kisha hupelekwa kwenye kamati tendaji. Fedha za mfuko ni kianzio tu, nazo zinatarajiwa kuwavuta wengine waje kuchangia mpango uleule badala ya kuanzisha wa kwao.

Mfano ninaoupenda ni Uganda. Mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018, mapigano ya Ituri, nchini Kongo, yaliwasukuma watu kwa makumi ya maelfu kuvuka Ziwa Albert. Walishukia Sebagoro kutoka katika mitumbwi na boti za uvuvi zilizoelemewa, wakapelekwa makazi ya Kyangwali, na Februari kipindupindu kikawakuta. Kati yao walikuwemo watoto waliokuwa wakisoma kwa Kifaransa, wenye lugha zao za nyumbani, na wengi wakiwa na Kiswahili cha sokoni na cha kanisani. Sasa walikuwa katika nchi ambayo shule zake kwa sehemu kubwa zinafundisha kwa Kiingereza. Msichana wa miaka kumi na minne aliyekwisha kujifunza sehemu zake za hesabu hujikuta ameketishwa na watoto wa miaka minane, kwa sababu tu hawezi kulielewa swali.

Hema na sanduku la alumini vinaweza kumpokea msichana huyo, lakini haviwezi kumvusha. Septemba 2018, Uganda ilizindua mpango wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji wanaowapokea, ukiongozwa na Wizara ya Elimu na Michezo yenyewe, na sekretarieti ya kuuratibu ikiwekwa ndani ya wizara. Education Cannot Wait ikatenga dola milioni 33 kwa miaka mitatu, zikatekelezwa na muungano wa mashirika ulioongozwa na Save the Children. Tazama viungo vyake. Mpango ulikuwa wa serikali, kwa hiyo haungeondoka na shirika ambalo lingefunga ofisi. Ulitaja wakimbizi na wenyeji kwa pumzi moja, kwa kufuata desturi ya Uganda kwamba takriban asilimia 30 ya msaada wa wakimbizi iwafikie wenyeji pia. Mkulima aliyetoa ardhi akiona mwanawe naye amepata dawati, hana sababu ya kumchukia jirani mpya. Ulikuwa na elimu ya kasi kwa vijana waliopoteza miaka, ambapo madarasa mawili au matatu hukusanywa katika mwaka mmoja. Ulikuwa na zamu mbili katika shule kadhaa ambazo madarasa hayakutosha: kundi moja asubuhi, jingine mchana.

Na ulikuwa na walimu wasaidizi, watu kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe wanaozijua lugha za watoto. Nauweka mbele ya msomaji wa Kiswahili mfano huu mdogo kwa sababu unatuhusu. Mwalimu anaandika mbele, kwa Kiingereza, tendo la kugawanya. Msaidizi anainama kwenye benchi la tatu na kusema kwa Kiswahili cha Bunia: gawa hizi kumi na mbili kwa watu wanne, kila mmoja apate ngapi? Uso wa msichana unafunguka, maana jibu alikuwa nalo tangu zamani. Sentensi hiyo moja imesafiri mbali kufika kwenye benchi lile. Ilipita katika bajeti ya posho, ikapita kwa jopo la wataalamu, ikapita katika kamati ambayo mjumbe wake mmoja pengine aliuliza wasaidizi ni wa nini, na mwingine akawa na subira ya kumweleza. Mimi huuita huo uongozi.

Yupo mwenzetu anayeijua kazi hii kwa upande wa pili. Mwaka 2021 Rais mstaafu Jakaya Kikwete aliteuliwa kuwa mwenyekiti wa bodi ya Global Partnership for Education, mfuko mkubwa zaidi na wa zamani zaidi, ambao asili yake ni mwaka 2002. Mfuko ule unafanya kazi na serikali kuimarisha mfumo mzima wa elimu. Mwendo wake ni wa mkulima wa minazi: anayepanda leo anajua atangojea. Education Cannot Wait iliundwa kwa ajili ya pale ambapo serikali imezidiwa, au shamba lenyewe limefurika. Kwa kuwa mahitaji hayafuati mipaka ya mamlaka ya mashirika, mifuko hii miwili inalazimika kujuana vizuri. Anayeongoza mmoja asipojua ukomo wake, ataligusa jambo ambalo mwenzake angelifanya vyema zaidi. Kujua mahali kazi yako inapoishia, na kumkabidhi mwenzako bila wivu, ni sehemu ya ufundi ambayo haina cheti.

Sasa nije kwenye hesabu ngumu, maana kaunta buku isiyo na neno bado si ya kuaminika. Mwezi Juni 2022 mfuko ulitoa makadirio mapya. Wale milioni 75 wa mwaka 2016 sasa walikuwa milioni 222, na kati yao milioni 78 hawakuwa shuleni kabisa. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kuhesabu vizuri zaidi, na sehemu ilitokana na dunia kuwa mbaya zaidi. Kiongozi anayetafuta sifa angeificha namba ile, kwa sababu inamwonyesha akifukuzana na maji ya mto yanayopanda. Wao waliiweka kichwani mwa kampeni yao. Walijiwekea pia malengo yanayowabana: wasichana wawe asilimia 60 ya wanaofikiwa, na watoto wenye ulemavu asilimia 10. Lengo la namna hiyo linamlazimisha kila mtekelezaji kuhesabu upya orodha yake na kuuliza ni nani hayumo.

Februari 2023 walikutana Geneva kutafuta dola bilioni 1.5 kwa mpango wa 2023 hadi 2026. Uswisi ilikuwa mwenyeji, na walioitisha pamoja nayo ni Colombia, Ujerumani, Niger, Norway na Sudan Kusini. Isome tena orodha hiyo kwa makini, maana nchi zenye dharura zilikuwa miongoni mwa waitishaji, hazikualikwa kama wageni wa kutoa ushuhuda. Zilipatikana ahadi za zaidi ya dola milioni 826. Ni fedha nyingi, na ni pungufu. Kufikia mwisho wa 2022, watoto milioni 8.8 walikuwa wamefikiwa tangu mfuko uanze. Ni watoto wengi, na ni wachache. Mwaka 2025 wafadhili wakubwa, Marekani ikiwa mbele, walipunguza sana misaada ya kibinadamu, na kila meza ya aina hii ikalazimika kuamua nini kiachwe.

Hapo ndipo ufundi unapopimwa kweli. Kugawa wakati wa neema anaweza yeyote. Kupunguza kwa haki kunahitaji mtu aliyejua tangu mwanzo kwa nini aliweka kila kitu mahali pake. Kunahitaji kumbukumbu zilizoandikwa, vigezo vilivyokubaliwa kabla ya njaa, na moyo wa kumtazama waziri wa nchi iliyoachwa na kumwambia sababu. Lipo pia deni ambalo dunia nzima ya misaada haijalilipa. Mwaka ule ule wa Istanbul wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba robo ya fedha za kibinadamu iende moja kwa moja, kadiri iwezekanavyo, kwa asasi za wenyeji. Robo hiyo haijafika. Watu wa Yumbe, wa Turkana na wa Kasulu, ambao huwapokea wakimbizi kabla ndege ya kwanza ya mashirika haijatua, bado wanapata makombo ya mikataba ya wengine. Nalisema hili kwa kuipenda meza ile, kwa sababu anayeipenda meza huangalia na mguu unaoyumba.

Baba alipostaafu alikabidhi kaunta buku ile kwa katibu mpya. Nilikuwepo. Hakumpa hotuba. Alifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akamwonyesha mistari mitano yenye neno bado kwa wino mwekundu, akamtaka asome kila mmoja kwa sauti. Kijana yule akasoma. Kisha baba akamkabidhi na kalamu.

Nikifikiria wale watoto milioni 222 wa hesabu ya mwaka 2022, akili yangu inashindwa, kama akili yoyote inavyoshindwa. Lakini nikiwafikiria kama mstari mmoja katika muhtasari, unaosomwa kila kikao mbele ya watu waliotoa ahadi, mpaka atakapopatikana mtu mwenye haki ya kuandika limetekelezwa, naona jinsi kazi inavyoweza kufanyika. Yupo katibu anayeandika mstari ule sasa, New York au Geneva. Namwombea asichoke kuuandika, na wajumbe wasichoke kuusikia.